KISIKI KINGALI HAI

Masomo: Ayubu 14:7–9, Nehemia 3:1–5, Nehemia 5:14–18



Tulikuwa tumekusudia kuendelea na mafundisho ya Kipaimara, nayo tutayarudia toleo lijalo Mungu akipenda. Lakini limetupata jambo ambalo hatuwezi kulipita kimya. Lahusu ndugu zetu wachache, wengi wao akina mama, wanaojitolea kuilinda nyika na miti iliyobaki hapa Msalato. Lahusu zaidi sisi tuliochaguliwa kuwaongoza.

Kwanza fungueni Ayubu sura ya 14. Ayubu amefiwa, amefilisika, mwili wake umejaa majipu, naye anautazama mti kwa wivu. Mti, asema, hata ukikatwa bado una tumaini, kwa kuwa kisiki kinachoonekana kimekufa huamka kikipata unyevu kidogo tu. Sisi wahubiri tumezoea kulisoma fungu hili makaburini, tena twakimbilia mstari wa 10 unaosema habari za mtu na kifo chake. Leo tunaomba tusikimbie. Tukae kidogo na ule mti.

Maana Ayubu hakubuni. Alikuwa mtu wa mifugo na mashamba, na jambo hilo alikuwa ameliona kwa macho. Nasi tumeliona. Nani hapa Ugogo asiyekijua kisiki cha mgunga? Unakikata mwezi wa kumi unapotayarisha shamba la uwele, unachoma matawi, unangoja mvua. Mvua za Desemba zikinyesha, kabla uwele haujafika magotini, kisiki kimetoa machipukizi kumi, ishirini. Mwaka wa pili unayafyeka. Mwaka wa tatu vivyo hivyo. Babu alifyeka, baba akafyeka, sisi twafyeka, na kisiki kile kingali kinachipua. Tumekiita kichaka, tumekiita uchafu wa shamba. Mti hatukukiita.

Yuko mmisionari mmoja kutoka Australia, Tony Rinaudo, aliyetumwa nchi ya Niger, upande wa Maradi. Alipanda miche miaka kadhaa, na karibu yote ikafa kwa jua na mchanga na mbuzi, hata wenyeji wakamwona kama mtu aliyepungukiwa akili. Siku moja ya mwaka 1983 alikuwa njiani, gari limebeba miche, akasimama kupunguza upepo wa magurudumu ili apite mchangani. Alitazama pande zote akaona nyika tupu, akamwomba Mungu amwonyeshe la kufanya. Ndipo akaona kichaka kando ya njia. Alikisogelea, akayachunguza majani yake, akatambua kwamba ni mti uliokatwa, na mizizi yake ingali mizima chini ya ardhi. Msitu alioutafuta kwa gari alikuwa akiukanyaga kwa miguu. Leo inakadiriwa kwamba wakulima wa Niger wameirudisha miti kwa njia hiyo katika hekta zipatazo milioni 5.

Kwetu mkoani Dodoma kazi hiyo imepewa jina lisilohitaji kufafanuliwa: Kisiki Hai. Tangu mwaka 2018 shirika la LEAD Foundation, pamoja na wenzao wa Justdiggit kutoka Uholanzi, wamekuwa wakiwafundisha watu wa vijijini, mkulima mmoja afundishwe naye awafundishe jirani zake. Kuieleza ni rahisi. Unachagua kisiki kinachochipua. Unaacha machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine unayakata kwa kisu kikali, na matawi ya chini unayapogoa ili nguvu ipande juu. Unafunga kitambaa, apitaye ajue kwamba kisiki hiki kina mwenyewe. Kisha unakilinda. Hapo kwenye kulinda ndipo watu wanapochoka, maana kuchagua na kupogoa ni kazi ya asubuhi moja, na kulinda ni kazi ya miaka.

Ndugu zetu tunaowasema walijifunza kazi hii, wakaomba ruhusa ya kuifanya katika kipande cha nyika kilichobaki kando ya korongo, na katika mashamba ya waliokubali. Hawana mshahara. Vitambaa walikata katika kanga zao kuukuu. Hujipangia zamu, na siku ya zamu mtu huamka alfajiri, akazunguka visiki vyake kabla ya kwenda kwenye shughuli zake. Tuliwabariki kanisani, tukawapa mwenyekiti na katibu kutoka katika Halmashauri yetu, tukapiga picha. Sisi tulio viongozi hupenda sana kupiga picha.

Wako waliotuuliza, hili nalo ni jambo la kanisa? Tunajibu kwamba katika Mwanzo 2:15 mwanadamu alipewa bustani ailime na aitunze, na sisi tumelishika la kwanza tukalisahau la pili. Tena Kanisa letu la Anglikana duniani, lililokwisha kuzitaja alama nne za utume wake mwaka 1984, liliongeza ya tano mwaka 1990, nayo ni kuutunza uumbaji. Lakini iko sababu iliyo karibu zaidi. Maji yanayonywewa Dodoma mjini kwa miaka mingi yamechotwa katika visima vya Makutupora na Mzakwe, jirani zetu hapa. Mwaka 2013 wataalamu walichapisha hesabu ya kupanda na kushuka kwa maji katika visima vile kwa muda wa miaka 55. Waliona kwamba maji ya chini hayajazwi kila mwaka. Miaka mingi mvua hunyesha, jua likaikausha, na kisimani haifiki. Sehemu kubwa ya maji yale iliingia katika misimu michache ya mvua kubwa sana, kama ile ya El Nino ya mwaka 1997 na 1998.

Basi fikirini. Mvua kubwa huja mara chache katika maisha ya mtu. Ikikuta ardhi yenye miti na majani, maji mengi hupata nafasi ya kuzama. Ikikuta ardhi tupu iliyokanyagwa na ng'ombe, hukimbia, huchimba makorongo, na udongo wetu wa juu huenda nayo. Mama anayekilinda kisiki cha mgunga hapa Msalato anaitayarisha nchi kwa mvua ambayo huenda yeye hataiona. Wala hamjui mtoto atakayekunywa.

Sasa tuseme lililotokea.

Mwezi wa Septemba uliopita, wakati nyika imekauka yote na kijani pekee kilichosalia ni kile cha visiki vilivyolindwa, kundi la mbuzi liliachiwa likaingia kando ya korongo. Likala machipukizi ya miaka mitatu kwa siku mbili. Mama aliyekuwa zamu aliwafukuza peke yake, akatukanwa na mchungaji wao. Mbuzi wale walikuwa wa mmoja wa wazee wetu wa kanisa, mtu ambaye siku ya mavuno mkono wake si mfupi. Mama yule alikuja kwetu, wala hakuja na matusi. Alisema, "Baba Mchungaji, na ninyi wazee wangu, nimekuja mniambie kama niendelee au niache." Nasi tulimjibu nini? Tulimwambia, "Vumilia, mama. Mambo haya yanahitaji hekima." Alituangalia, akaweka mezani kitambaa kimoja kilichotafunwa, akasema, "Haya, wazee wangu," akaenda zake.

Ndugu, ile haikuwa hekima. Ilikuwa hofu. Tuliogopa kupoteza gunia la mtama la mavuno, na tukampoteza mjitolea. Baada ya juma mbili wawili wengine waliacha zamu. Walikuwa wameelewa vizuri kabisa tulichosema bila kukisema.

Tuliposoma Nehemia sura ya 3 katika ibada ya asubuhi tulisikia kwamba tunasomwa sisi. Sura ile wengi huiruka, kwa sababu ni majina tu: fulani alijenga hapa, na baada yake fulani. Wamo makuhani, wamo wafua dhahabu, wamo watengeneza manukato, na katika mstari wa 12 yuko mtu aliyejenga pamoja na binti zake. Hao wote walijitolea, hakuna fundi wa kuta aliyetajwa kati yao. Lakini mstari wa 5 unasema habari za watu wa Tekoa. Watu wa kawaida wa mji ule walijenga. Wakuu wao walikataa kuitia shingo kazini. Neno la Mungu halikuandika jina hata moja la wakuu wale, na huenda walikuwa watu mashuhuri. Limeandika tu kwamba hawakuinama.

Nchi yetu hii ya katikati imewaona wakuu wa namna nyingi waliokuja kuitengeneza nyika. Kongwa iko mkoani mwetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza pale mradi wake mkubwa wa karanga. Walileta matrekta na vifaru vilivyogeuzwa matrekta, wakavuta minyororo kuing'oa miti, na mibuyu ikawashinda. Waliokuwa wakiongoza kutoka London hawakuwauliza Wagogo habari za mvua, wala hawakuupima udongo vya kutosha. Jua lilipowaka udongo ukawa mgumu kama saruji, karanga zikabaki ndani. Kufika mwaka 1951 mradi ulikuwa umevunjwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zimepotea. Wenyeji walibaki na nyika iliyonyolewa.

Kondoa ni habari nyingine, na hii inatupa taabu zaidi kuihukumu. Mwaka 1973 serikali yetu ilianzisha HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden, kwa kuwa ardhi ya Kondoa ilikuwa inakwisha kwa makorongo. Mwaka 1979 ikatoka amri ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wote waondolewe katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi zilirudi. Miti ilirudi. Hilo hatuwezi kulikana, kila apitaye njia ile aweza kuliona. Lakini iliwagharimu watu wenye mifugo, waliotakiwa kuihamisha yote mara moja, na mtoto wao kukosa maziwa nyumbani. Amri iliiponya ardhi na kuwaumiza wengine. Tunalitaja ili tusidhani kwamba mwenye mbuzi siku zote ni mtu mwovu. Tutamrudia.

Wala tusidhani kwamba mjitolea hahitaji chochote. Wangari Maathai wa Kenya alipoanzisha Mwendo wa Mkanda wa Kijani mwaka 1977, alikuwa akiwapa wanawake senti kidogo kwa kila mche. Lakini sikieni utaratibu wake: fedha ilitolewa kwa mche uliokuwa hai. Mche uliopandwa ukafa haukulipwa. Mtu akihesabu miche iliyopandwa atapata sherehe nyingi. Akihesabu iliyo hai atalazimika kurudi shambani. Na mama yule mwenyewe hakuongoza kutoka kitini. Mwezi wa Januari mwaka 1999 alikwenda msitu wa Karura jijini Nairobi na mche mkononi, kuuzuia msitu usigawiwe watu wakubwa, akapigwa hata kichwa kikatoka damu. Dunia ilimpa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2004. Sisi tunataka kuanzia kwenye tuzo.

Jambo la fedha hatutaki kulifunika, maana limo kati yetu. Kila semina ya mazingira inapotangazwa, swali la kwanza huwa ni la posho, na wa kwanza kuandikwa huwa ni sisi wenye vyeo. Yule anayezunguka visiki alfajiri hukumbukwa zikitakiwa picha. Someni Nehemia sura ya 5, kuanzia mstari wa 14. Miaka 12 alikuwa mtawala wa Yuda, na chakula cha mtawala, ambacho kilikuwa haki yake kisheria, hakukila, kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Naye aliishika kazi ya ukuta, na watumishi wake wote walikuwa pale kazini. Hakusema kwamba posho ni dhambi. Alitazama hali ya watu, akaiacha.

Na tukiisha kusema habari za mbuzi wa mwingine, tuseme za mkaa wetu wenyewe. Tulipofungua daftari la matumizi ya kanisa tulihesabu magunia ya mkaa yaliyonunuliwa kwa sadaka katika mwaka mmoja, kwa ajili ya sikukuu, mikutano na wageni. Yalikuwa mengi kuliko tulivyodhani, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza mti wake ulisimama wapi. Tuliweka wajitolea mlangoni, nasi tukatokea dirishani. Mhazini wetu alisema kwa upole kwamba hesabu ile imepitishwa kila mwaka na Halmashauri nzima, naye alisema kweli.

Basi tulifanya nini? Tunaandika ili mjue, maana mlilisikia la kwanza barazani na visimani, yafaa mlisikie na hili kwetu. Watatu wetu tulikwenda nyumbani kwa mama yule jioni moja. Tulimwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa viti, akatunyamazia muda mrefu. Kisha aliuliza swali moja tu, kama tumekwisha kwenda kwa mzee mwenye mbuzi. Tulikuwa hatujaenda. Alisema, "Nendeni huko kwanza, wazee wangu, halafu mrudi hapa tunywe chai."

Tukaenda. Mzee alikuwa tayari ameudhika, maana habari zina miguu. Alitusikiliza. Hakukana. Ila aliuliza, "Mwezi wa tisa na wa kumi mbuzi wangu wale nini? Malisho ya zamani yamepimwa viwanja. Upande wa uwanja wa ndege hatuingii tena. Mnaniambia niwafunge kamba niwasomee Biblia?" Hatukuwa na jibu la haraka, na pengine ilikuwa vema. Mzee huyu ni mtu aliyekosa malisho, akavunja uaminifu kwa jirani yake kwa sababu ya kukosa. Kosa ni kosa. Lakini uongozi wetu ulikuwa umepanga kulinda miti bila kumwuliza mwenye mifugo hata mara moja, kama wale wa Kongwa.

Mama yule ndiye aliyetoa njia, tuliporudi kunywa chai. Alisema kwamba kila wanapopogoa hupatikana rundo la matawi mabichi, nayo huachwa yakauke. Mbuzi hula majani ya mgunga, hula na maganda ya mbegu zake yakianguka. Kwa nini mzee asiletewe yale matawi mlangoni, naye awafungie mbuzi wake miezi ile miwili? Mzee alipoambiwa alicheka, akasema hayatatosha. Huenda hayatatosha kweli. Amekubali kujaribu msimu huu, na kijana wake mmoja amejiandikisha zamu ya Jumanne. Radhi aliyoiomba kwa mama haikuwa ndefu, lakini aliiomba mwenyewe, kwa miguu yake.

Wale wawili walioacha zamu bado hawajarudi. Tumewaendea mara moja. Tutawaendea tena.

Halmashauri imekubali haya: kuanzia sasa kila mjumbe, pamoja na makasisi, ana visiki vitano vyenye jina lake, na hesabu ya visiki vilivyo hai itasomwa kanisani mara nne kwa mwaka, ya viongozi ikitangulia. Mkaa wa kanisa tumeupunguza kwa nusu. Wa nusu nyingine tunatafuta njia, na mwenye ujuzi wa majiko banifu tunaomba atufundishe. Posho ya semina ikipatikana, itatolewa kwanza kwa wenye zamu.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tutakutana kando ya korongo. Katika visiki vilivyoliwa, mama yule amevikagua vyote, naye asema vingi vina macho mapya karibu na ardhi. Kila mtu aje na kisu kikali, si panga, maana panga hupasua kisiki. Mwenye kanga kuukuu asiitupe. Na wenye watoto waje nao. Kamba za kubebea matawi hadi kwa mzee tutakuwa nazo.

Bwana awe nanyi.